Kufuli la Lusajo

Anayenakili asichosoma hunakili na kufuli. Ninyi wanafunzi wetu mmeisikia leo mkacheka, kisha mkauliza imetoka wapi. Methali hii ilianza hivi, hapa hapa Mbeya.

Bupe alikuwa mtengeneza tovuti, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa kuridhika. Ofisini kwao palikuwa na folda ya wote, ambamo kila mtu aliweka vipande vya mipangilio, yaani mistari ya kuiamuru tovuti, vilivyowahi kumfaa, ili mwenzake asianze upya. Desturi nzuri, ila hakuna aliyeandika kipande chake kinafanya nini.

Msimu wa maparachichi, wakulima wa Rungwe walimwomba tovuti ya kupokea oda. Matunda yalikwisha kuchumwa, na parachichi likichumwa halimngoji mtu. Bupe akachukua kipande cha mwenzake Lusajo, akakibandika, akaifungua tovuti pale mezani pake. Ikafunguka. Akatangaza kwamba iko tayari.

Siku tatu haikuingia oda hata moja. Mwenyekiti wa wakulima, Mama Tusekile, alipiga simu mara mbili kusema wanunuzi wanakataliwa, na mara zote mbili Bupe alimjibu kwamba kwake inafunguka, huenda ni mtandao wa huko. Siku ya nne alitoka kwenda kula, akaijaribu kwa simu yake akiwa mgahawani. Ikamkataa yeye mwenyewe aliyeitengeneza. Akaacha chakula mezani.

Alirudi akakisoma kile kipande, kwa mara ya kwanza, mstari kwa mstari. Mstari mmoja uliruhusu kompyuta za ofisi yao tu kuifungua tovuti. Lusajo aliuweka zamani ili wageni wasione kazi ambayo haijakwisha. Bupe akaufuta. Angeweza kumtupia Lusajo lawama, na aibu ilimshauri hivyo, lakini alimpigia Mama Tusekile.

"Shikamoo, mama. Wanunuzi walisema kweli. Mlango niliufunga mimi."

"Marahaba. Uliufungaje, mwanangu?"

"Nilinakili kazi ya mwenzangu, sikuisoma."

"Basi ulinakili na kufuli lake. Na huku nusu ya matunda yamelainika, tunawapa nguruwe."

Kesho yake Bupe aliandika juu ya kila kipande katika ile folda kinafungua nini na kinafunga nini. Oda ziliingia, matunda yaliyobaki yakauzwa. Yale mengine hayakurudi, na uchungu wake anao mpaka leo. Kwa hiyo mkileta hapa kazi ya kunakili, tutawauliza kwanza kama mmeisoma, na msinune: anayenakili asichosoma hunakili na kufuli.