Kiti cha Nyuma

Maumivu ya mwenzio huyajui mpaka ukae pale anapokaa yeye. Wahenga walilisema hilo mapema. Dereva mmoja wa bodaboda alilijua kwa kuchelewa.

Dereva huyo alikuwa amechoka, na pikipiki yake ilikuwa imechoka kuliko yeye. Shokapu za nyuma, zile springi mbili zinazomeza mashimo, zilikuwa zimekufa. Zilivuja mafuta na kugonga kama mlango usio na komeo. Fundi wake, aliyeitwa Kidevu kwa sababu ya ndevu alizokosa, alimshauri aweke mpya, tena zile nzito za kubebea mizigo.

"Mbona inatembea?" dereva alimjibu. "Mimi sisikii kitu. Acha ninunue taa kwanza."

Hakusema uongo. Kila alipofika kwenye shimo alisimama juu ya vikanyagio, shimo likapita chini yake, akaketi tena. Abiria wa nyuma hakuwa na pa kusimama.

Abiria wake wa kila Alhamisi alikuwa mama yake mzazi, aliyevunjika nyonga. Alimpeleka hospitali kufanyishwa mazoezi, na daktari alikuwa ameonya kwamba akiyaacha, mguu utakauka na hatatembea tena. Mama alipanda kimya, akang'ang'ania mfuko wa jaketi la mwanawe mpaka ukachanika.

"Mama, jaketi nalo lina kosa gani?"

"Nisamehe, baba. Mkono umezoea."

Asubuhi ya Alhamisi moja alimkuta bado amelala.

"Siendi tena. Nimepona."

"Umepona, na kusimama huwezi bila fimbo?"

"Nimesema nimepona. Nenda katafute riziki." Akageukia ukutani.

Dereva alishusha pumzi. Uchovu ulikuwa umemjaa hadi kwenye kope, na safari moja ilikuwa imepungua. Akaenda zake kwa fundi kufunga taa.

Kidevu alikuwa na desturi yake: hakugusa chombo kabla ya kukiendesha mwenyewe, mwenye chombo akiwa nyuma.

"Panda."

"Nyuma?"

"Ulitaka nikubebe mgongoni?"

Shimo la kwanza lilimpanda kutoka kiunoni hadi kwenye meno. La pili lilimtoa machozi. La tatu lilipokuja, mkono wake ulikuwa tayari umeushika mfuko wa ovaroli ya fundi, nao ukachanika.

"Ndugu yangu, ovaroli imekukosea nini?" Kidevu aliuliza.

Dereva hakucheka. Aliutazama ule mfuko unaoning'inia.

"Tugeuze," alisema mwishowe. "Taa basi. Nifungie shokapu."

Mchana alirudi nyumbani, akasimama mlangoni mwa chumba cha mama yake.

"Amka twende, mama. Hospitali hawajafunga bado."

"Si nimekwambia nimepona?"

"Leo nilikaa nyuma, mama."

Mama aligeuka kutoka ukutani. Kisha akanyoosha mkono, akaomba fimbo yake.

Kweli, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.