Jina la Pili Juu ya Mimbari

Kaeni vizuri. Mwenye kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sirudii, na mwisho nitawadai jibu.

Zamani, enzi za maamiri, mji wa Tal Rumani ulikuwa na watu watatu wenye vipawa. Ghiyathi, mwadhini kipofu, alikuwa na pumzi isiyojulikana inaishia wapi. Mundhiri, bawabu wa lango la mji, alikuwa na macho ya kumtambua mtu angali vumbi tu huko bondeni. Na Rumeila, mjane, alikuwa akilia misibani kwa ujira. Akianza yeye, hata aliyefuata urithi analia. Wa nne ni Sheikh Labidi, khatibu wa msikiti wa Ijumaa. Kipawa chake kilikuwa kusema, na siku hiyo kusema ndiko kulikotaka kumuua.

Desturi ya zama zile ilikuwa hivi: anayeombewa dua kwa jina katika hotuba ya Ijumaa, huyo ndiye mtawala. Mji ulikuwa wa Amiri Dhafiri. Nje ya kuta amekuja ndugu yake, Amiri Wathiki, na jeshi, na wamekubaliana kupigana bondeni Ijumaa adhuhuri. Wathiki akatuma neno: nisipotajwa leo, nikiingia sibakizi mtu. Dhafiri naye akamweka jemadari wake chini ya mimbari, upanga wazi mapajani. Haya, amtaje nani?

Labidi aliingiwa na hofu hata kila akitawadha, udhu unamtoka. Alimwambia Ghiyathi, rafiki yake tangu ujana, kwamba leo anakufa. Ghiyathi akamwambia atulie, ataivuta adhana mpaka vita viishe. Mundhiri, ambaye Labidi hakuwahi hata kumjulia hali, akasema atatazama vita kutoka juu ya lango, kisha aje msikitini. Akivaa kilemba cheusi, rangi ya watu wa Dhafiri, basi Dhafiri kashinda. Akivaa cheupe, rangi ya watu wa Wathiki, basi Wathiki.

Basi Ghiyathi akaadhini. Wallahi, neno moja alilivuta mpaka wazee wakabadilisha mkao. Jemadari akachoka kungoja, akapeleka askari mnarani. Wakampiga mdomoni, naye akaimaliza adhana huku anatema damu.

Labidi akapanda mimbari. Akaeleza subira, akaeleza udhu, akarudia subira. Mlangoni hapana kilemba. Jemadari akainuka, akamwekea ncha ya upanga kwenye joho.

"Dua, Sheikh. Taja jina."

Labidi akatazama tena mlangoni. Hapo ndipo Rumeila aliposimama katika safu za wanawake. Huyu Labidi alikuwa akimlaani juu ya mimbari hiyo hiyo, kwamba kilio cha kukodi ni haramu, na siku hiyo hakuna aliyemtuma. Alipiga ukelele, akamlilia mwanawe aliyefia gerezani kwa Dhafiri, akaitaka haki yake mbele ya Mungu, na wanawake wote wakamfuata. Hotuba haikuweza kuendelea. Askari walimburura sakafuni mpaka uani, naye haachi kulia. Baadaye Labidi aliulizia, akaambiwa Rumeila hajapata kuzaa.

Walipokuwa wakimtoa, Mundhiri akapenya kati ya askari wa Dhafiri na kilemba cheupe kichwani, akaja kuketi safu ya mbele kabisa. Jemadari akakiona, akamchoma bega palepale. Labidi naye alikuwa ameshakiona.

"Ee Mola, mnusuru Amiri Wathiki."

Upanga ukamgeukia yeye, lakini haukumfikia. Farasi wa Wathiki walikuwa wameshaingia uani, na jemadari akaitupa silaha chini.

Mnadhani imekwisha? Thubutu. Wathiki aliusamehe mji kwa kuwa alitajwa, ila hasira zake zilitaka pa kutulia. Ghiyathi alikuwa mwadhini wa Dhafiri. Mundhiri alimfungia lango. Rumeila, jioni ile, aliililia maiti ya Dhafiri bila ujira, eti na yeye ni mtoto wa mtu. Wote watatu wakahukumiwa kufa. Labidi akaenda kwa Amiri, akamsimulia kila kitu, akalia mbele yake. Amiri akacheka.

"Wewe unajua kutaja. Ijumaa ijayo, ukishanitaja mimi, mtaje mmoja wao. Huyo ataishi. Ukitaja wawili, au ukinyamaza, nawaua wote."

Labidi akawaendea gerezani. Ghiyathi alimshika mkono, akasema ni kweli amezeeka, lakini kufa hataki, na asiachwe kwa ajili ya uzee. Mundhiri aligeuza macho mlangoni. Watoto wake wadogo walikuwa wameketi pale, mlangoni mwa gereza. Rumeila alimtazama mpaka Labidi akainamisha kichwa.

"Ulisema kilio changu haramu, Sheikh. Mbona uko hai?"

Ijumaa ikafika. Akaadhini mtu mwingine, na adhana ikawa fupi. Labidi akapanda mimbari. Chini yake ni jemadari yuleyule, sasa kavaa kilemba cheupe, na mbele yake wameketi watatu wale, wamefungwa mikono. Akamhimidi Mungu, akamswalia Mtume, akamtaja Amiri Wathiki. Kisha akanyamaza, na upanga ukaanza kuinuka.

Safari hii hakuna wa kumvutia adhana, hakuna wa kumlilia, na mlangoni haji mtu. Haya, wewe uliyekaa hapo ukisikiliza: panda mahali pake. Unamtaja nani?