Jeneza Lililoletwa Kisimachema

Mwaka huo mvua ilikataa. Mito ikakauka, na maji yakabaki mahali pamoja tu: kisima cha Kisimachema, mji mkuu wa nchi ya wanyama, nchi changa ambayo bendera yake ilikuwa bado haijapauka. Ng'ambo ya mpaka waliishi fisi, na fisi walikitaka kile kisima.

"Nani atathubutu kuushambulia mji wangu?" aliuliza Simba, mtawala, akaenda kuchana manyoya ya shingo.

Mkuu wa lango alikuwa Bi Paa. Mumewe aliuawa katika vita vya uhuru, akazikwa ugenini na watu asiowajua. Kwa hiyo desturi moja ya mji aliishika kwa moyo wote: jeneza halizuiwi langoni, na kila aliye karibu huweka silaha chini akatoa bega.

Asubuhi moja fisi walikuja na jeneza, wakilia. Kilio cha fisi hufanana na kicheko, hivyo hakuna aliyeshuku.

"Poleni sana, ndugu zangu. Marehemu ni nani?" aliuliza Bi Paa.

"Mjomba," alisema fisi wa mbele.

"Shangazi," alisema wa nyuma.

"Msiba huvuruga akili," alisema Bi Paa, akafungua.

Nyati walinzi wakaweka marungu chini, wakalifuata jeneza. Nje, majani makavu yakatikisika bila upepo. Jeshi zima la fisi lilikuwa limelala humo, likingoja lango libaki tupu.

Sungura naye alikuja kuzika. Alisogelea jeneza, akatega sikio.

"Dada, huyu marehemu anameza mate."

"Usimtanie maiti, Sungura. Mwogope Mungu."

"Simtanii. Nataka kujua tu kama ameshiba." Akapaza sauti: "Wafiwa, karibuni! Ikulu imeleta mbavu za kuchoma!"

Wabebaji wakalitupa jeneza. Sanda ikaketi.

"Mimi mniachieni zenye mafuta!" ikasema.

Bi Paa aligeuka akalitazama lango. Mji mzima ulikuwa wazi, na aliyeufungua ni yeye.

"Langoni!" alipiga kelele. "Nyati, langoni!"

Nyati waligeuka kwa pamoja. Njiani walimkanyaga marehemu, aliyekuwa amenaswa na sanda yake, kisha wakalifunga lango mbele ya pua za jeshi. Jeshi likarudi kwao na kiu yake. Wabebaji waliruka ua wa miiba, na baadhi ya ngozi zao zikabaki pale.

Vumbi lilipotulia, marehemu alikuwa marehemu kweli. Simba alitoka ikulu, akatangaza kwamba amemshinda adui.

Bi Paa aliomba jembe.

"Utamlilia adui?" aliuliza Sungura.

"Simlilii. Namzika."

Alichimba polepole, akamfukia, akainua mikono. "Mola wangu, huyu ni wako. Mimi simtaki."

Hivyo ndivyo alivyozikwa aliyefanya mzaha na mazishi. Katika fisi wote waliomlilia asubuhi ile, hakuna hata mmoja aliyerudi kuuliza kaburi lake liko wapi.