Kura za Kuazima

Hapo zamani za kale, ahadi za ajira zilipokuwa bado mpya, wanyama walao majani waliitisha mkutano mkuu wa kumteua mgombea wa chama. Chama kilikuwa hicho kimoja tu, kwa hiyo aliyepata tiketi ndiye aliyetawala bonde.

Utaratibu waliuiga kutoka vyama vya Marekani ya zamani: huteuliwi mpaka upate theluthi mbili ya wajumbe. Asipopatikana mtu, kura inarudiwa, na hakuna kula mpaka apatikane. Hilo la kutokula walijiongezea wenyewe.

Nusu ya wajumbe walivaa tisheti za Tembo, nusu za Kifaru. Sera zao? Kopi na pesti. Kila mmoja aliahidi kuyavunja majabali ya kando ya bwawa ili wajumbe wapate pa kunywea.

Katika majabali hayo aliishi Pimbi, mnyama mdogo kama sungura, na mkewe na watoto. Pimbi alikuwa na shahada. Kazi aliyopewa mkutanoni ni kupanga viti.

Kura ikapigwa, ikarudiwa, ikarudiwa tena. Nusu kwa nusu. Matumbo yakaanza kunguruma, nguru nguru nguru. Pimbi akamfuata Tembo nyuma ya ukumbi.

"Shikamoo, mheshimiwa. Wajumbe wako wana njaa, watakukimbia."

"Marahaba. Sasa?"

"Niazime kura zako raundi moja. Kifaru akiona huna hata moja, atadhani umejitoa na yeye ameshapita, atawaruhusu watu wake wakale. Raundi inayofuata unachukua zako, na ukumbi ni wako."

Tembo akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, safari fupi sana. "Kwa nini wewe?"

"Nani atamwogopa Pimbi, mzee? Mimi ni pa kuegeshea tu."

Tembo akacheka mpaka masikio yakapiga pa pa pa, akakubali. Pimbi akazunguka upande wa pili, akamwambia Kifaru maneno yale yale, akabadilisha jina tu. Kifaru alikubali hata kabla hajamaliza.

Kobe, mwenyekiti, akaanza kuita kanda moja moja. Swala wakasema Pimbi. Tembo akatabasamu, maana Swala walikuwa wake. Nyumbu wakasema Pimbi. Kifaru naye akatabasamu. Pundamilia wakasema Pimbi, Twiga wakasema Pimbi, na yale matabasamu mawili yakaanza kutazamana.

Ngo! Kobe akagonga meza. "Pimbi amepita. Wajumbe, chakula."

Ukumbi ukawa mtupu. Tembo akainama mpaka mkonga ukagusa sakafu.

"Dogo, zile kura nilikuazima."

"Kweli kabisa, mheshimiwa. Waite wajumbe warudi, nikupe zako."

Tembo akachungulia nje. Wajumbe walikuwa wamejaza majani midomoni, na hakuna aliyeinua kichwa. Akarudi ndani, akaanza kukusanya viti.

Majabali yapo mpaka leo.

Ukimdharau mtu mpaka ukamfanya stoo ya kura zako, jiandae kumwita mheshimiwa.