Majina Yaliyoimbwa Ndani ya Mashine

Hapo zamani, wala msiende mbali kuitafuta zamani yenyewe, maana mashine ya kupiga picha ya ubongo ilikuwa imeshafika mjini na watu wameshazoea kuipangia foleni, palikuwa na mwanamke wa milimani akiitwa Nakijwa. Kazi yake ilikuwa moja tu, kutaja wafu.

Kila siku ya kuanua matanga katika ukoo wake, Nakijwa alisimama mbele ya waombolezaji akawaimba marehemu wote, mmoja mmoja, tangu yule aliyefyeka msitu wa kwanza hadi yule aliyezikwa wiki hiyo. Majina mia mbili na kumi na saba. Hayakuandikwa popote, kwa sababu ukoo ule ulikuwa na mwiko: jina la marehemu haliandikwi, hubebwa na mtu mmoja kichwani. Na jina lisipotajwa tena, mwenyewe huhesabiwa amezikwa mara ya pili, na mara hiyo hana hata kaburi.

Katika majina hayo lilikuwamo la Mbonea, mwanawe wa kiume. Nakijwa alikuwa na kifafa. Siku moja alikuwa akimwogesha huyo Mbonea, mtoto wa miezi minne, kifafa kikamwangusha. Alipozinduka, mtoto alikuwa kimya ndani ya beseni. Hilo sitalirefusha.

Miaka ikapita, binti yake Naetwe akaolewa, akashika mimba. Naetwe akaahidi kwamba mtoto akiwa wa kiume ataitwa Mbonea, arithi jina la mjomba wake. Alidhani mama atafurahi. Mama akalia, akasema mjukuu huyo hatampakata, atamwangalia kwa mbali kama mtu mwenye ugonjwa wa kuambukiza. Dawa alikuwa amekunywa za kila rangi, na kifafa kiko palepale. Ndipo Naetwe akamchukua wakashuka mjini.

Huko wakamkuta Daktari Rwechungura, fundi wa kupasua vichwa. Akawaambia kwamba kifafa kile kinaanzia upande wa kushoto wa ubongo, karibu na sikio, na kipande kile kikikatwa huenda kikakoma kabisa. Lakini palepale pengine ndipo mama anapotunzia maneno. Kwa hiyo ataingizwa kwenye mashine, atasomewa maneno, atayashika kimoyomoyo, na picha itaonyesha damu inakimbilia wapi. Ikikimbilia kulia, atapasuliwa. Ikikimbilia kushoto, hapasuliwi. Akayasema hayo haraka, maana nje ya mlango walikuwa wamekaa wagonjwa kumi na wanane.

Naetwe akasikia neno moja tu: hapasuliwi. Akatoka mle akiamini kwamba mama yake amepewa mtihani, na mtihani ni wa kufaulu.

Jioni akamkalisha mama, akamwambia, "Mama, maneno yao usiyashike hivihivi. Yaimbe moyoni, kama unavyoimba majina. Hutakosa hata moja."

Kisha akaomba jambo la pili. Akaomba arithishwe majina kabla ya kisu, lisije likatokea la kutokea. Nakijwa akakataa katakata. Katika ukoo ule mwenye kutaja wafu alirithisha majina pale tu alipojua kwamba anakufa. "Nikikupa leo nimejichuria," akasema. "Nitakuwa nimekwenda hospitali kufa." Naetwe hakumsihi tena, naye mpaka leo hajui kwa nini.

Nakijwa akaingia mashineni. Akasomewa maneno, akayaimba moyoni. Kijiko, mvua, kiatu, mlango. Vidole vyake vikapiga mapigo pajani, kama vilivyozoea matangani. Mwendesha mashine, kijana mmoja makini aitwaye Hemedi, akaviona kupitia kioo. Akamwomba kwa upole atulie. Vidole vikatulia. Wimbo haukutulia.

Picha zikatoka safi. Upande wa kulia, wanakosema wataalamu kwamba ubongo hushughulikia nyimbo, uling'aa. Daktari akazitazama, akasema mama ana bahati, hatari ni ndogo. Akapasua.

Kifafa kikakoma. Mwezi wa kwanza hakikuja, wa pili hakikuja. Naetwe akajifungua mtoto wa kiume, na Nakijwa akampakata, akamwogesha kwa mikono yake, bila mtu kusimama nyuma yake. Naetwe alisimama mlangoni akilia kwa furaha. Furaha hiyo aliipata siku zisizozidi kumi.

Kwa maana siku ya kumi na moja palikuwa na matanga. Nakijwa akasimama, akafungua kinywa, wimbo ukatoka. Wimbo wote, panda shuka zake zote, hata pale sauti inaposhuka kwa ajili ya Mbonea ikashuka. Lakini ndani yake hamkuwa na jina. Hata moja. Waombolezaji wakangoja. Akarudia tangu mwanzo, akavuma tu mpaka mwisho, kisha akawatazama kama mtu aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa. Wazee wakajaribu kuyakusanya kwa kusaidiana, wakafikisha thelathini na tisa, nayo wakayagombania.

Mjomba Kiangi, kaka mkubwa wa Nakijwa, akamwita Naetwe pembeni. Hakukaripia. Akamwambia kwamba waliozikwa mara ya pili lazima waombwe radhi makaburini, na anayeomba radhi ni mwenye kosa mwenyewe, na jina lake yeye halitatajwa matangani milele. "Tuletee mtu mmoja," akasema. "Makaburi hayapokei kundi."

Naetwe akashuka tena mjini, na mama, na mtoto, akaeleza yote, pamoja na sharti la mjomba. Daktari akamuuliza Nakijwa yale maneno ya mashineni aliyashikaje. Nakijwa hakujibu kwa maneno. Akavuma wimbo, na vidole vikapiga mapigo pajani. Hemedi alikuwa amesimama mlangoni na bahasha ya picha mkononi. Akakaa chini bila kukaribishwa.

"Kosa ni langu," akasema Hemedi. "Niliviona vidole vile. Kwenye fomu pana nafasi ya kuandika lolote lisilo la kawaida, nami niliiacha wazi. Nilidhani ni woga. Mstari mmoja tu ningeandika, daktari angerudia kipimo."

"Kosa ni langu," akasema daktari. "Kushoto kulikuwa na kamwanga kadogo. Nilikaona. Lakini nilitamani sana mama huyu apone, nikaiacha picha iniambie nilichotaka kusikia. Na sikuwaeleza. Niliwaambia hapasuliwi, sikuwaambia ni kwa nini."

"Kosa ni langu," akasema Naetwe. "Ninyi mlimpima mtu ambaye mimi nilikuwa nimeshamfundisha kuwadanganya. Bila mimi, picha ingesema kweli."

Naetwe alitamani mmoja amwambie hapana, si wewe. Hakuna aliyemwambia.

Ndipo Nakijwa akasema, taratibu, akiyatafuta maneno kama mtu anayepapasa gizani. "Mnagombea changu. Binti yangu aliniomba majina, nikamnyima. Ningempa, leo yangekuwa kwake. Mimi ndiye niliyewazika. Nipelekeni mimi."

Hakuna aliyebisha. Naetwe akaona, Mungu amsamehe, kama mzigo umemshuka mabegani. Akaanza kukunja khanga za mtoto waondoke.

Nakijwa akamtazama mtoto mapajani pake. Akamfuta mate kidevuni kwa ncha ya kidole, akatabasamu, akamuuliza Naetwe kwa adabu, kama mtu anavyomuuliza mwanamke aliyekaa naye benchi moja.

"Mzuri huyu. Anaitwa nani?"

"Mbonea, mama."

"Jina zuri," akasema Nakijwa. "Mmempa la nani?"

Naetwe akamchukua mtoto, akambeba mgongoni. Wako njiani kupanda milima, naye anajua kwamba mama akifika makaburini hatajua amekuja kuwaomba radhi akina nani. Daktari amesema yuko tayari kwenda, akiitwa. Hemedi amesema yuko tayari. Mjomba Kiangi amekwisha kupalilia makaburi, anangoja, na anangoja mtu mmoja.

Basi semeni ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza, na asiniambie mtu kwamba wote, kwa maana wote hawapokelewi. Aliyefundisha, aliyeona akanyamaza, aliyeona akapuuza, na aliyenyima. Je, ni nani kati yao aliyestahili kusimama makaburini, akafutwa jina?