Risasi za Kichwa Bapa

Wahenga hawakusema kwamba kila kipya ni kibaya. Walimwonya tu mtu mwenye mbacha wake, mkeka mkuukuu uliomlaza miaka yote, asiutupe jalalani kwa kuwa ameona msala mzuri ukipita begani mwa mtu. Msala ule una mwenyewe na una safari yake. Arvo Niskanen alilijua neno hilo kwa kulisikia. Vuli moja, kule kaskazini mwa Michigan, alilijua kwa kuliishi.

Arvo alikuwa mkata magogo mstaafu, mtu wa mabega mapana na maneno machache. Yeye na mkewe, Helmi, walikaa katika nyumba ya mbao kando ya kinamasi cha mierezi, na nyama yao ya majira ya baridi ilitoka katika kinamasi hicho. Bunduki yake ilikuwa ya wenzo: ukisukuma wenzo chini na kuurudisha juu, ganda tupu linaruka nje na risasi nyingine inaingia. Risasi zenyewe hukaa katika bomba chini ya mtutu, zikifuatana kama siafu njiani, kichwa cha hii kikigusa kitako cha ile, penye fataki inayowasha baruti.

Kwa sababu hiyo Arvo alizijaza risasi zake mwenyewe, katika chumba cha nje cha sauna, kibanda chao cha kuogea mvuke, na siku zote alichagua vichwa bapa vya risasi, vyenye pua ya madini laini. Baruti yake ilikuwa ileile aliyoizoea, ya nguvu ya wastani. Risasi zile hazikufika mbali, lakini mierezini hakuna mbali. Kulungu akitokea, yupo hapo hapo.

Majira ya kuchipua ya mwaka ule moyo wa Arvo uligoma. Madaktari walimpasua kifua, wakauziba ulipovuja, wakamshona. Alirudi nyumbani amekonda kama ufito. Daktari alimruhusu kuwinda, ila alimkataza kukimbilia kinamasini kama zamani.

Oktoba ilipofika, shemeji yake Dwight alikuja kuwatembelea. Dwight, mdogo wake Helmi, alikuwa na moyo mwema na mdomo usiojua likizo. Alikuja na bunduki yake mpya, yenye darubini ndefu kama chupa ya mvinyo.

"Shemeji, bado unabeba hilo fimbo la mchunga ng'ombe?" alimchokoza akimega mkate wa iliki. "Mimi nampiga kulungu akiwa bado hajajua kama nimezaliwa!"

"Na ukimkosa, anakufa kwa kicheko," Helmi alidakia.

"Dada, niache niongee na mwanamume mwenzangu. Shemeji, huwezi tena kumfuata mnyama. Sasa iache risasi itembee badala yako. Tafuta vichwa vyenye ncha kali, vinapasua upepo. Weka baruti inayoungua taratibu, isukume mpaka mwisho. Kaa pembeni mwa shamba la viazi, piga ng'ambo."

Maneno hayo yalimwingia Arvo kama maji kwenye mchanga. Wiki ile ile alirudi kutoka mjini na kopo la baruti mpya na kasha la vichwa vyembamba, vinavyometa, vyenye ncha kama sindano. Helmi alisimama mlangoni mwa sauna, mikono kiunoni.

"Arvo, hizo si za bunduki yako. Ncha ya risasi ya nyuma itakaa juu ya fataki ya risasi ya mbele. Bunduki ikipiga teke, bomba lote litakulipukia mkononi."

"Najua, mama. Sitazitia bombani. Nitaingiza moja moja kwa juu."

"Basi umenunua bunduki ya risasi moja."

Arvo aliliweka kasha mezani. Kisha akasema bila kumtazama, "Si kulungu ninayemwogopa kumkosa, Helmi. Naogopa kukaa dirishani nikiwatazama wenzangu wakipita."

Helmi akashusha mikono kutoka kiunoni. Alimwachia.

Siku ya kwanza ya msimu Arvo na Helmi walikaa ukingoni mwa shamba la viazi la jirani, wamevaa vizibao vya rangi ya chungwa, juu ya vigoda viwili. Theluji ilikuwa imetandaza shuka lake hadi miguuni mwa misitu. Baridi iling'ata kama mbwa koko. Asubuhi ilipokolea, kulungu dume alitoka ng'ambo ya shamba, pembe zake zikiwa na matawi kama mti uliopukutika.

Arvo aliingiza risasi moja, akalenga kwa muda mrefu, akafyatua. Bunduki ilimpiga bega kwa nguvu asiyoizoea. Theluji ikaruka pale risasi ilipoangukia, mbali kabla ya kumfikia mnyama. Kulungu alishtuka, akapiga hatua chache, akasimama akishangaa, maana hakujua kishindo kimetoka wapi.

Hapo ndipo mazoea yalipomzidi nguvu Arvo. Macho yake yalikuwa kwa kulungu, lakini mikono ilikwenda yenyewe mfukoni, ikafanya yale iliyoyafanya miaka yote. Kupitia tundu la ubavuni mwa bunduki akasukuma risasi bombani. Tki. Akasukuma nyingine. Tki. Na nyingine. Akavuta wenzo, akaurudisha, bunduki ikapanda begani.

Helmi aliisikia milio ile.

"Arvo! Toa kidole! Umezitia bombani!"

Arvo aliganda kama sanamu. Kidole kilikuwa kimeshagusa kifyatulio. Polepole alikitoa, akaielekeza bunduki chini, akaanza kuvuta wenzo kwa uangalifu. Risasi zikaanguka thelujini moja baada ya nyingine, zinang'aa kama vito. Alizitazama, kisha akautazama mkono wake wa kushoto, ule uliokuwa umelishika bomba.

Kulungu alikuwa ameshatoroka, na Helmi alivuka shamba peke yake kukagua nyayo. Aliporudi, pumzi yake ilikuwa inafuka.

"Theluji tupu. Hakuna damu, hakuna hata unywele. Umemkosa safi."

"Mungu ashukuriwe, sikumjeruhi," Arvo alisema, na alimaanisha. Kisha akaketi kwa uzito. "Nimekwisha, Helmi. Mpe Dwight bunduki aitundike ukutani."

"Umekwisha kitu gani? Aliyepasuliwa ni wewe. Bunduki haikulazwa hospitali." Akamwekea mkononi kipande cha mkate uliojazwa nyama na viazi, bado cha moto. "Ile njia ya zamani ya magogo inafika mpaka kwenye mierezi. Tutakwenda kikongwe-kikongwe. Ukichoka, tunakaa. Kulungu hawana saa."

"Watu watanicheka nikibebewa kigoda na mke wangu."

"Nani atakucheka? Majike wa kulungu?"

Arvo alijizuia, akashindwa. Akacheka mpaka akashika kifua chake chenye kovu.

Mchana ule alirudi kwenye chumba cha sauna. Kwanza aliisafisha meza yote, kwani mjazaji mwenye akili haweki baruti mbili mahali pamoja. Kopo la baruti mpya alilifunga, akalitoa nje. Kisha akaifungua ile ya zamani, akapima kwa mizani chembe kwa chembe, akaimimina kwenye maganda yaliyotiwa fataki mpya. Juu ya kila ganda akakandamiza kichwa bapa. Vilikuwa butu, vya rangi ya vumbi, wala havikuwa na uzuri wa kumwita mtu dirishani mwa duka. Lakini vilipoingia bombani vilikaa kitako kwa kichwa, kwa amani.

Kesho yake walitembea. Walikaa kwenye gogo, wakaendelea, wakakaa kwenye kigoda, wakaendelea tena. Helmi hakumharakisha. Walipofika mierezini walijikunyata chini ya matawi, theluji ikidondoka laini kama unga. Jike lilipita kwanza, likinusa. Nyuma yake, karibu sana hata wakasikia kwato zikivunja barafu, dume lilitokeza.

Arvo alifyatua. Sekunde hiyo hiyo dume lilipiga hatua, na risasi ikazama katika shina la mwerezi. Kabla mwangwi haujafa, mkono wa Arvo ulishavuta wenzo na kuurudisha. Risasi ya pili ikamfikia mnyama nyuma ya bega. Aliruka mara mbili, akalala thelujini, kimya.

Arvo alivua kofia. Helmi alimshika bega, naye akagundua kuwa mumewe analia, na kwamba machozi yale hayakuwa ya huzuni.

Dwight, aliyekuwa amerudi kwa msimu na kuwinda kwingine peke yake, alikuja na kamba kumsaidia dada yake kumburuta kulungu. Alilizunguka dume, akakuna kidevu.

"Shemeji, mimi tangu jana nakodolea darubini ukungu tu. Hebu niambie, risasi gani hiyo?"

"Ya kichwa bapa," Arvo alijibu. "Wewe usiiguse. Nyumbani kuna kopo la baruti na vile vichwa vya ncha, uvichukue. Bunduki yako haina bomba, ndiyo iliyoumbwa kuvila. Mimi nina vyangu."

"Kesho naweza kukaa nanyi hapa mierezini?"

"Ukiweza kufunga mdomo," Helmi alisema.

Wakashika njia ya kurudi, Dwight na Helmi mbele na kamba, Arvo nyuma, akitembea taratibu na kuketi kila alipotaka, bila haya. Alikuwa na nyama ya msimu mzima, na misimu mingine mbele yake. Ama kweli, usiache mbachao kwa msala upitao.