Mbwa Aliyepimwa kwa Mawe Hamsini

Hapo kale, wajukuu zangu, kale ya kale, watu walipokuwa na akili kidogo kuliko nyinyi, na nyinyi mnajijua, palikuwa na kijiji cha wawindaji kiitwacho Kwandoro.

Watu wa Kwandoro walikuwa na desturi yao. Mnyama akianguka, kabla mtu hajakata pande lake, mwenye mbwa alikata nyama ya shingo, mbichi hivyo hivyo, akamlisha mbwa kwa mkono wake mpaka mbwa mwenyewe ageuze uso. Akigeuza uso, ameshiba. Hakuna aliyepima. Washamba kweli, sivyo?

Basi akarudi mwanakijiji mmoja, Shekivuli, kutoka safari ya pwani. Shekivuli hajawahi kuwinda hata panzi, lakini alikuja na mizani: gogo refu na makapu mawili. Akamwendea Jumbe, mkuu wa kijiji.

"Jumbe, mnapoteza nyama. Mbwa akilingana na mawe hamsini, chakula chake cha siku ni uzito wa jiwe moja. Apimwe kila asubuhi. Asiongezwe hata ukucha."

Jumbe hakuelewa, kwa hiyo akakubali. Ndivyo wakubwa wanavyofanya.

Sasa palikuwa na mjane, Nambua, na mbwa wake Chuma. Mume amekufa, watoto watatu, na nyama yao yote inatoka kwa mbio za Chuma. Asubuhi ya kwanza Chuma akapimwa, mawe hamsini. Akapewa nyama ya jiwe moja, akakimbia porini kutwa. Akapimwa, akakimbia. Akapimwa, akakimbia. Siku ya tano, mawe arobaini na sita.

"Bwana Shekivuli, mbwa wangu anakonda," alisema Nambua.

"Vizuri. Mbwa amepungua, na chakula kipungue. Unaona hesabu inavyojiendesha yenyewe?"

Wewe unayechokonoa pua, umeona? Hata wewe umeona. Shekivuli hakuona.

Ikawa mawe arobaini na tatu, kinofu kikapunguzwa. Ikawa arobaini, kikapunguzwa tena. Chuma akawa anamfukuza paa, kisha anakaa chini katikati ya njia. Watoto wa Nambua wakala mlenda mtupu siku nne. Nambua alilia, nawaambieni, alimkumbatia yule mbwa akahesabu mbavu zake kwa vidole, akalia. Kisha akafuta machozi, akaenda barazani kwa Jumbe, watu wote wakiwapo.

"Jumbe wangu, hesabu nzuri namna hii tunaipa mbwa peke yake? Tumheshimu na fundi wake. Apimwe, ale sehemu yake, uji na mchuzi humo humo, na akimbie anakokimbia Chuma."

Jumbe akapendezwa. Shekivuli angesema nini mbele za watu? Akapimwa. Mtu aliyezoea kumaliza chungu kizima peke yake akapewa kibakuli, akatimuliwa porini na njuga shingoni, maana mbwa wa kuwinda huvaa njuga.

Siku ya kwanza alitabasamu. Siku ya tatu alitembea. Siku ya sita alipanda kapuni, na tazama miujiza: amekuwa mzito kuliko siku ya kwanza. Watu wakashangaa. Nambua akasogea, akaivuta shuka ya Shekivuli kidogo tu. Yakadondoka mawe. Moja, mawili, saba.

"Haya ya nini, bwana?" aliuliza.

Shekivuli akatazama chini. "Njaa, mama," alisema.

"Chuma hana shuka ya kufichia," alisema Nambua.

Hakuna aliyecheka. Jumbe akaamuru ile mizani ikawe kuni, na Shekivuli mwenyewe akakata shingo ya paa, akamlisha Chuma kwa mkono, mpaka Chuma akageuza uso.

Basi, kabla hujamkadiria mwenzio shibe yake, kaa na njaa yake siku sita. Wenye mizani bado wapo, ila siku hizi wanavaa viatu.

Kisa changu kimechoka, kinalala hapa. Kikiwa kitamu, gawaneni bila kupima. Kikiwa kichungu, nirudishieni nikitafune kwa jino langu lililobaki.